Pointi za Ochieng

Baridi ya Gilgil ilinishinda Julai hii, nikaagiza hita itolewe stoo iwashwe ofisini kwangu. Ofisi ni yangu, jengo ni langu, na hata hiyo stoo niliichora mwenyewe kwa kijiti mchangani nikamwonyesha fundi. Hita ilipoanza kushika moto, vumbi lililokuwa limelala ndani yake likaungua, na ile harufu ikanipata pale nilipoketi. Karani wangu akauliza, "Boss, niizime? Inanuka." Nikamwambia aiache. Mimi nilikuwa nimeshatoka Gilgil. Nilikuwa Bondeni, Nakuru, kwenye benchi la mbao, mbele yangu televisheni yenye mgongo mkubwa kama karai, inaunguza vumbi lake kidogo kidogo, na upande wa jikoni kuna mtu anakaanga mahamri.

Nyinyi wa rika langu, ambao sasa vitambi vimeanza na magoti yanalalamika, mnazikumbuka zile nyumba za gemu. Yetu ilikuwa sebule ya Mama Salim, kwenye zile nyumba kuukuu za kaunsili. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, babu yao alikuja na kazi ya reli akakwama Nakuru, lakini yule mama bado aliongea Kiswahili cha kunyooka mpaka sisi tukaona aibu kufungua mdomo. Dirisha moja la nyumba aliuza mahamri na bhajia. Sebuleni aliweka televisheni, mashine ya gemu, pedi mbili ambazo moja ilikuwa mbovu, na benchi. Wengi walikuja kucheza mpira. Sisi tulikuwa watatu tu tuliokuja kwa ajili ya gemu nyingine, ya panga na uchawi, ambayo hakuna mtu mwingine aliitaka kwa sababu ilikuwa na maandishi mengi ya Kizungu.

Watatu hao ni mimi, Salim mtoto wa mwenye nyumba, na Ochieng aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwao, mama yake akishona nguo za shule. Mimi waliniita Njoro kwa sababu tulihamia Bondeni kutoka huko. Sikuwa bingwa wa darasani, na sitawadanganya hapa kwamba nilikuwa. Lakini gemu ile niliielewa kuliko mtu yeyote Nakuru nzima, na hilo nasema bila kuona haya. Neno tusilolijua tulilibonyeza tukaangalia linafanya nini. Hivyo ndivyo tulivyosoma.

Ilikuwa hivi. Mashujaa watatu wanatembea nchi pamoja, wakikutana na adui wanapigana kwa zamu. Mmoja ni mtu wa upanga, huyo nilimchukua mimi. Mmoja ni mchawi wa moto, huyo wa Salim. Wa tatu ni mganga wa kuponya wenzake, na huyo alibaki kwa Ochieng kwa kuwa alichelewa kufika siku tuliyogawana. Tuliwapa majina yetu wenyewe. Mkishinda vita vya kutosha, kila shujaa anapanda ngazi, anapewa pointi, na mwenyewe anaamua aziweke wapi: nguvu, akili, wepesi au uhai. Mwisho wa safari kuna joka limekaa ndani ya mlima wa moto. Mimi niliamini kabisa mlima ule ni Menengai. Kila asubuhi nikienda shule niliuangalia kule juu nikajua kuna deni huko.

Sasa, sebule ya Mama Salim ilikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyotuharibia. Ukianguka, unatoka benchi. Ilitungwa kwa ajili ya foleni, watoto wasigombane. Kwa mpira, ukifungwa unampisha mwingine. Kwa gemu yetu, shujaa wako akiangushwa unasimama ukutani mpaka kesho. Sheria ya pili ni kwamba shujaa haguswi na asiye mwenyewe. Zamu ya Salim, pedi inakwenda kwa Salim. Mtu wako ni kama kijiko chako nyumbani kwenu.

Mnaona kilichotokea? Kila mmoja wetu, kila akipata pointi, alizitia kwenye uhai. Hakuna aliyetaka kusimama ukutani. Mimi mtu wa upanga nilikuwa mnene kama gunia la viazi. Salim, ambaye kazi yake ni kuchoma, moto wake ungeweza kuwasha sigara tu. Ochieng peke yake ndiye aliyekuwa akichelewa kuamua. Alikuwa akisema, "Ngojeni kwanza, nafikiria." Tulifika kwa joka, tukapigana nalo mchana wote mpaka Mama Salim akafunga aende kuswali. Hakuna aliyeanguka. Na hakuna aliyeshinda, kwa maana joka lile lilikuwa linajiponya. Sisi tunalichubua, lenyewe linavuta pumzi, linarudi jipya. Tulirudi wiki baada ya wiki. Tulikuwa kuta tatu zinazotembea, tunajivunia kwamba hatuanguki.

Halafu ukaja ule mwezi wa kwanza, baada ya kura, majirani walipogeukiana. Nyinyi mliokuwa Nakuru mnaujua, na wale ambao hawakuwa huko sitawaeleza, si habari ya leo. Nitasema tu kwamba Mama Salim alifunga dirisha la mahamri, na kwamba siku moja lori lilisimama mlango wa tatu, likapakia cherehani, magodoro na mitungi, na Ochieng akapanda juu ya magodoro. Nilimwona nikiwa nyuma ya pazia letu. Baba alikuwa amenishika shati nisitoke.

Sebule ilipofunguliwa tena, mimi na Salim tulirudi benchi. Nafasi ya katikati tuliiacha wazi, hatukuambiana, tulikaa tu hivyo. Mtu wa Ochieng alikuwa pale pale kwenye skrini, amevaa joho lake jeupe. Kwa sheria hatukuweza kumchezea. Zamu yake ikifika tulibonyeza ajikinge, basi. Alisimama na fimbo yake wakati sisi wawili tunapigana. Lakini tukipanda ngazi na yeye anapanda, na pointi zake, kwa kuwa hakuna wa kuziweka mahali, zilirundikana pembeni ya jina lake.

Hapa ndipo niwaambie jambo la kitoto. Niliamini zile pointi zinaongezeka kwa sababu Ochieng yuko salama. Hatukuwa na habari yake. Pale mtaani hata jina lake lilikuwa halitajwi. Watu walisema "wale wa mlango wa tatu," kisha wanabadilisha mazungumzo. Basi mimi nilikuwa nafungua ukurasa wake, naona hesabu imepanda, nasema moyoni, anakula, anacheza, ana nguvu. Nilipigana vita vya kijinga na panya wa msituni ili tu hesabu ile isisimame.

Mambo yakaja kuharibika likizo ya Aprili. Kijana mmoja mkubwa, Kevo, alitaka kuanzisha ligi ya mpira, timu za mtaa mzima. Ligi inahitaji kuhifadhiwa kwenye kadi ya mashine, kadi ilikuwa moja, na gemu yetu ilikuwa imeijaza. Kevo alisimama mlangoni akasema, "Mathe, hawa wasee wawili wanakalia kadi na joka haliishi. Sisi tuko kumi na kitu."

Mama Salim alitoka jikoni na unga mikononi. Alitutazama sote kwa zamu. "Jumamosi baada ya adhuhuri," akasema. "Mkilimaliza joka lenu mmelimaliza. Msipolimaliza, kadi nafuta vilevile. Salim, usinitazame hivyo, mwanangu. Ni kadi, si kaburi."

Kwa Salim ilikuwa gemu. Kwangu mimi kadi hiyo ndiyo ilikuwa na Ochieng ndani. Kufutwa bila kushinda ilikuwa sawa na kusema alisimama pale na fimbo yake bure, akapotea hivyo hivyo. Usingizi ulinikataa.

Siku iliyofuata nilikwenda kumsaidia baba. Baba alikuwa mtu wa mkokoteni sokoni, na siku hiyo walikuwa wanapandisha magunia ya viazi kuelekea upande wa Menengai, ile barabara inayoinuka polepole mpaka inakutoa roho. Mbele yuko baba, ameshika mikono ya mkokoteni. Nyuma yuko mwenzake, anasukuma kwa bega, kichwa chini, haoni hata anakokwenda. Na pembeni niko mimi na jiwe. Wakichoka wanasimama, mimi naliingiza jiwe nyuma ya gurudumu mzigo usirudi. Kazi hiyo niliichukia. Niliiona ya watoto.

Siku hiyo nikaona kitu. Nikaona baba hasukumi. Yeye anashikilia tu, mzigo ukiasi, mikono ya mkokoteni ikiinuka, umpate yeye kwanza. Yule wa nyuma hashikilii chochote, hana la kujilinda, nguvu zake zote zinakwenda mbele. Na mimi sishikilii wala sisukumi, lakini bila jiwe langu kila hatua waliyopanda inarudi chini. Watu watatu, kila mmoja na kazi moja, na hakuna aliyekuwa akifanya kidogo ya kila kitu. Nilisimama nikiwaza, vumbi jeupe limenijaa puani.

"Wee! Jiwe!" baba akapiga kelele.

Mkokoteni ulikuwa umeanza kurudi. Niliwahi, lakini kwa bahati tu. Baba aliniuliza kama nimelogwa. Nilimwambia, "Baba, nimejua vile joka linauawa." Akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama yeye, wakaendelea na viazi vyao.

Leo nina magari ya breakdown pale Mai Mahiu, na lori likiingia korongoni kule chini ya mteremko, wanaitwa wengine, wanashindwa, naitwa mimi. Siri ni ile ile. Sitafuti vijana watatu hodari wanaofanana. Natafuta wa kushikilia, wa kuvuta na wa kuzuia, na nikiona wa kuvuta anaanza kujitafutia pa kujificha namrudisha nyumbani. Wenye vyeti vyao wamenisifu kwa mfumo huo. Sikuwaambia umetoka wapi.

Basi siku ile ya mkokoteni nilikimbia kwa Salim. Kwenye gemu kulikuwa na chemchemi ambayo shujaa akinywa maji yake anarudishiwa pointi zake zote azipange upya, ila ni mara moja tu. Nilimwambia Salim anywe, atoe uhai wote, atie kwenye akili, awe moto mtupu.

"Nitaanguka na kofi la kwanza," Salim akasema.

"Halitakugusa. Mimi natupa upanga."

Alinitazama kama mtu aliyelogwa. Upanga wangu ule nilikuwa nimeutafuta miezi, ulikuwa na radi ndani yake, ndio watu walikuwa wakija kuuangalia. Nikaueleza mpango. Mimi ngao mikono miwili, uhai wote, na ile mbinu ya kuchokoza ambayo sikuwahi kuitumia, ya kumfanya adui akupige wewe peke yako. Yeye achome. Na mganga awe jiwe.

"Mganga hana kitu," Salim akasema. "Pointi zake ni za Ochieng."

Mama Salim, ambaye sisi tulidhani hasikilizi, akafuta mikono kwenye leso, akatoa simu kifuani. "Nambari ya mamake ninayo," akasema. "Mnadhani nimekaa miezi hii yote bila kujua jirani yangu yuko wapi?" Akapiga, akasalimia kirefu, akanipa.

"Haloo?"

Sauti ilikuwa imekuwa nzito kidogo, lakini ilikuwa yake.

"Ochieng, ni Njoro."

"Njoro gani? Yule anayekalia benchi mpaka linapata moto?"

"Huyo huyo."

"Niaje, buda."

Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakaniponyoka. Nikasema tu, "Pointi zako ziko hapa. Hatujazigusa."

"Zote?"

"Zote. Zimejaa."

Nikasikia ng'ombe upande wake. "Nyinyi ni wajinga sana," akasema taratibu. "Mmekuwa mkipigana wawili, na mimi nimesimama tu hapo?"

"Si ndiyo sheria."

"Sheria ya benchi, Njoro. Mimi niko huku kwa dani, mamake baba, naona ziwa. Benchi gani tena?"

Nilimweleza mkokoteni wote, baba, viazi, jiwe. Akasikiliza. "Kwa hivyo mimi ni jiwe."

"Wewe ni jiwe."

"Sawa. Lakini usitie zote kwenye akili. Ukifanya hivyo nitaponya vizuri lakini nitakuwa wa mwisho, na wewe umeshakufa. Nusu tia kwenye wepesi, nianze kabla ya joka."

Hiyo moja nampa. Mengine yote yalikuwa yangu, lakini hiyo nampa.

"Na uhai?" nikauliza.

"Usinitilie hata moja. Ninyweshe ile chemchemi, hata zile za zamani uzitoe."

"Ochieng, likikugusa mara moja tu umekwenda."

"Basi lisiniguse," akasema. "Si hiyo ndiyo kazi yako?"

Nilimnywesha mganga, nikazitia zote siku hiyo hiyo, Salim akisoma, mimi nikibonyeza. Hesabu ile iliyorundikana ikashuka mpaka ikaisha. Nilidhani nitaumia. Sikuumia, kwa maana sauti yake ilikuwa bado masikioni.

Jumamosi sebule ilijaa mpaka dirishani. Kevo alikuja na timu yake yote, wamevaa jezi kabisa. Alipoona hesabu za watu wetu akacheka. "Cheki hawa. Huyu hana uhai, huyu naye hana uhai. Mmejenga maiti?" Kisha akamwona wangu. "Njoro, upanga uko wapi?"

"Nimeuacha."

"Unaenda kwa joka na sinia?"

Watu walicheka sana. Mimi nilishika pedi, na zamu ya mganga ilipofika niliibakiza mkononi. Kevo akasema, "Hiyo si yako." Salim akamjibu, "Ametumwa." Hakuna aliyeuliza na nani.

Joka lilipanda kutoka kwenye moto. Nikalichokoza. Likanipiga pigo ambalo zamani lingetutikisa sote watatu, nikabaki nimesimama. Mganga akatangulia, akanijaza uhai. Salim akachoma, na kwa mara ya kwanza tangu tulijue lile joka, mstari wake wa uhai ulishuka watu wakaona ukishuka. Kicheko kikakoma. Likajiponya, lakini halikuweza kurudi lilikotoka. Kila likipanda hatua moja Salim analishusha mbili. Kevo alikuwa amesogea mpaka magoti yake yananigusa mgongoni.

Halafu likageuka. Salim alikuwa ameliumiza mno, na kuchokoza kwangu kulikuwa kumekwisha muda, na kabla sijarudia lilimfyeka kwa mkia. Akaanguka.

"Toka benchi," Kevo akasema. Hakusema kwa ubaya, ilikuwa sheria. Salim akaanza kuinuka, uso umemwiva.

"Kaa," nikamwambia. Zamu ilikuwa ya mganga, wa kwanza kuliko wote kama alivyotaka mwenyewe. Na mganga mwenye akili kiasi kile alikuwa amejifunza jambo ambalo hakuna mganga wa sebule ile aliwahi kulifikia. Niliubonyeza mstari wa mwisho kabisa kwenye orodha ya dawa zake. Mtu wa Salim akasimama.

"Alianguka," Kevo akasema. "Mathe, si alianguka?"

Mama Salim alikuwa mlangoni na mwiko wake. Sijui alielewa kiasi gani. "Ameinuliwa na mwenzake," akasema. "Mwache akae."

Nikachokoza tena, kwa nguvu zote, nikalirudisha kwangu. Lilinipiga mpaka ukabaki uzi mwembamba wa uhai. Mganga akanishika. Salim akavuta pumzi kama yeye mwenyewe ndiye anayetema moto, akabonyeza. Joka likainua kichwa, likatulia, na mlima wote ukawa mweupe.

Kelele iliyotoka sebule ile ilifika sokoni, na mpaka leo sijasikia kelele nzuri kama ile, hata siku niliyofungua jengo langu na kulikuwa na spika kubwa. Skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda moja moja. Njoro. Wakalipigia mayowe. Salim. Wakalipigia mayowe. Kisha likaja la tatu, na chumba kikasita, kwa maana lilikuwa jina ambalo halikuwa limetajwa kwa sauti mtaani tangu ule mwezi. Kevo ndiye aliyeanza. "Ochieng," akasema, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Kisha akalirudia kwa kifua chote, na sebule yote ikaitikia, na dirishani wakaitikia, na nilimwona jirani mmoja upande wa pili wa barabara amesimama na ndoo yake anasikiliza.

Kadi niliifuta mwenyewe. Mama Salim alisema mpango ni mpango, na Kevo akaniambia nisiharakishe, lakini nilibonyeza. Joka lilikuwa limeshakufa, hakuna cha kulinda. Kisha nikamwomba simu.

"Limekufa," nikasema alipopokea.

"Acha."

"Haki. Muulize Salim."

"Nani alianguka?"

"Salim, mara moja. Ukamwinua."

Akacheka. Kisha kicheko kikaisha, na nikajua anataka kuuliza jambo na anaogopa kuuliza.

"Na mimi je, Njoro?"

"Wewe hukuguswa," nikamwambia. "Nilikuwa mbele yako wakati wote."